Nani Aliingia Lupangoni Usiku?

Ndugu msomaji, labda jambo hili limekwisha kukupata. Jana jioni ulihesabu kuku wako, walikuwa saba. Ulifunga mlango wa kibanda kwa waya, ukaenda kulala. Asubuhi unakuta sita. Waya iko pale pale namna ulivyoifunga. Chini kuko manyoya kidogo, damu hakuna, na mbwa hakubweka hata mara moja. Mama anasimama pale na kikombe cha chai mkononi, jirani anachungulia juu ya ukuta, na kabla jua halijapanda vizuri kuko majibu matatu tayari katika avenue. Wa kwanza anasema ni wezi. Wa pili anasema ni kijana wa lupango ya nyuma, yule asiyekuwa na kazi. Wa tatu anapunguza sauti, anaangalia upande wa mtoto fulani au wa nkambo fulani, na anasema lile neno ambalo wewe na mimi tunalijua.

Sasa angalia vizuri: kati ya hao watatu, hakuna hata mmoja aliyekuwa macho saa nane za usiku.

Mwezi huu nataka tuongee juu ya chombo kidogo ambacho hukaa macho saa hizo. Ni kamera ya kufungwa kwenye mti, inayopiga picha yenyewe mnyama anapopita mbele yake. Wazungu waliitengeneza kwanza kwa wawindaji na kwa wataalamu wa wanyama wa pori. Lakini siku hizi kuko za bei ndogo, na mtu anaweza kuifunga kwenye mwembe wake hapa Dilala na kujua ni nani anayetembea kati ya lengalenga zake wakati yeye anakoroma.

Chombo chenyewe

Ukubwa wake ni kama Biblia ndogo iliyo nene. Rangi yake mara nyingi ni ya majani na udongo, madoadoa kama nguo za askari. (Rangi hiyo nitairudilia, maana huku kwetu inaweza kukuletea maneno.) Haihitaji umeme wa ukutani, inatumia pile ndogo, nne au nane, zile za redio. Picha zinaingia katika karti ndogo kama ile ya telefone.

Jinsi inavyofanya kazi, vijana sikilizeni. Kila mwili wenye damu ya moto hutoa joto ambalo macho yetu hayalioni. Mbele ya kamera kuko kioo kidogo cheupe, na nyuma yake kipande kinachopokea joto hilo. Kipande hicho kimegawanywa sehemu mbili. Joto likihama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kamera inajua kwamba kitu chenye uhai kimepita, inaamka na kupiga picha. Kama ni usiku, inawasha taa zake ndogo za mwanga ambao mtu haoni, au anaona wekundu kidogo tu kama kaa la moto lililo mbali. Ndiyo maana picha za usiku hazina rangi, ni nyeusi na nyeupe, na macho ya mnyama yanang'aa kama mataa ya motokari.

Ndani yake kuko nyaya nyembamba za shaba, na pile nyingi za kuchajiwa zina kobalti kidogo. Shaba na kobalti tunachimba sisi, kisha kamera inaturudilia kutoka China na tunainunua kwa dola. Hilo ni jambo la kuongea siku nyingine.

Bei? Zile rahisi huuzwa dola 30 mpaka 60 huko zinakotoka, na mtu atakayekuletea ataongeza yake. Kwa mwalimu au kwa mchimbaji wa mikono hizo si franga ndogo. Ushauri wangu ni kwamba kikundi cha vijana au cha mama wanunue moja pamoja, izunguke kutoka lupango hadi lupango. Hakuna familia inayoihitaji mwaka mzima.

Usidanganywe na maandishi ya kwenye karto. Kamera ya bei ndogo ikijisifu kwamba picha zake ni kubwa ajabu, mara nyingi picha hiyo ni ndogo iliyovutwa na mashine iwe kubwa, inajaza karti bila kuonyesha kitu cha zaidi. Chagua ukubwa wa katikati. Kinachofaa kuulizwa dukani ni hiki: inaamka haraka? Inaona usiku umbali gani? Mlango wake unafunga vizuri juu ya mvua?

Si jambo la jana

Mwaka wa 1905 Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alitoa kitabu cha picha alizopiga katika nchi ambayo leo ni Tanzania, upande wa Kilimanjaro na uwanda wa Wamasai. Usiku alifunga punda au ng'ombe kuwa chambo, akatega uzi. Simba alipougusa uzi, unga wa magnesiamu uliwaka kwa mwanga mkubwa, na picha ikaingia katika vioo vilivyobebwa na wapagazi vichwani. Fikiria kazi yenyewe! Leo kijana wa miaka kumi na mitano anafanya hayo kwa pile nne.

Nchini humo humo, katika milima ya Udzungwa, kamera ya namna hii ilipiga mwaka wa 2005 picha ya sange mmoja, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, lakini uso wake ulikuwa wa kijivu. Wataalamu walishangaa. Mwezi wa tatu wa 2006 walimkamata, na mwaka wa 2008 walimpa jina lake katika vitabu vya sayansi, maana hakuwa ameandikwa popote. Miaka yote hiyo alikuwa akitembea chini ya miti yake bila kujua kwamba hayumo katika vitabu.

Lakini mfano ninaoufikiri mara nyingi zaidi ni wa kisiwa cha Unguja, huko Zanzibar. Kulikuwa na chui huko, mdogo kuliko chui wa bara. Watu wengi waliamini kwamba wachawi wanafuga chui na kuwatuma kula mbuzi za watu na kudhuru watoto. Baada ya mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni kubwa ya kuwasaka wachawi na chui pamoja, ikiongozwa na mtu aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Watu walinyoshewa kidole, chui wakauawa. Wataalamu wengi leo wanahesabu kwamba chui yule amekwisha. Baadaye watafiti walifunga kamera katika msitu wa Jozani, na katika habari walizotoa mwaka wa 2003 hakuna chui hata mmoja. Kilichokuwemo ni kanu, mnyama mwembamba wa madoadoa ambaye katika kisiwa kile hakuwa amepigwa picha mbele ya hapo. Nani alikula mbuzi wote wale? Hatutajua tena. Waliosingiziwa, watu na wanyama, hawapo.

Avenue moja ya Dilala

Nitakuelezea jambo lililopita katika avenue moja huku kwetu. Sitaitaja, na wenyewe wamenipa ruhusa kusema bila majina.

Baba ana kazi ya siku kwa siku, mama anauza makala. Mwezi wa pili walipokea mtoto wa marehemu dada, msichana wa miaka tisa. Mwezi wa nne kuku wakaanza kupotea, mmoja, kisha mwingine, kisha vifaranga wanne kwa usiku mmoja. Wewe msomaji unaona hesabu waliyoifanya watu: mtoto ameingia, kuku wanatoka. Zaidi ya hayo bundi alikuwa akilia juu ya manjanja ya nyumba. Mtu mmoja wa familia akaleta shauri kwamba mtoto apelekwe mahali fulani kwa maombi, siku tatu bila kula, "mpaka aseme."

Nkambo wa nyumba alikataa. Aliniambia mimi mwenyewe: "Pasta, uyu mutoto analala na miye kitanda moya. Akigeuka, miye ninaamuka. Angetoka saa gani? Muone kwanza."

Muone kwanza. Vijana wa kwaya walikuwa na kamera moja iliyonunuliwa Lubumbashi kwa michango yao, walikuwa wakiitumia kutafuta ndege. Waliileta siku ya Yenga jioni, wakaifunga kwenye mti wa avoka, ikiangalia kibanda.

Usiku wa kwanza ilipiga paka wa jirani mara mbili, na mama mwenyewe akitoka nje. Usiku wa pili ilipiga picha 140 za jani la ndizi likipepea. Walilikata. Usiku wa tatu alionekana panya mkubwa, yule wa mashavu ya kubebea, mkia wake nusu nyeusi nusu nyeupe, akihamisha mahindi ya kuku kama mtu wa transporti: anajaza mashavu, anakwenda, anarudi. Usiku wa nne mvua, hakuna kitu. Hapo yule mtu wa shauri la kwanza akasema, "Munaona? Hata mashini inashindwa."

Usiku wa tano, picha tatu. Ya kwanza imeandikwa 02:14, maana yake saa nane na dakika 14 za usiku. Inaonyesha kichwa kidogo chenye masikio makubwa kwenye pengo kati ya manjanja na matofali, pengo la vidole vinne tu. Ya pili ni mkia mrefu wa pete pete unaoingia ndani. Ya tatu, dakika sita baadaye, kanu anashuka ukutani na kuku mdomoni, anamburuta kuelekea shimo la maji nyuma ya lupango.

Mama aliangalia picha katika telefone muda mrefu. "Njo uyu? Kanyama kadogo ivi?" Baba hakusema kitu. Mtoto aliomba kuiona picha tena, kisha akauliza, "Iko na batoto?"

Usifikiri kwamba maneno yaliisha pale. Yule mtu alisema kwamba hata nyama ya pori inaweza kutumwa na mulozi. Ndivyo woga unavyofanya. Ukifunga mlango unapita dirishani, na picha peke yake haiwezi kuumaliza. Nkambo alimjibu, "Kama banaituma, basi baitume ipite mu simaa." Siku ile ile baba alinunua kipande cha wavu wa chuma na kilo chache za simaa, wakaziba pengo. Kuku hawajapotea tena. Mtoto yuko shuleni, mwaka wa tatu wa msingi.

Naomba ujue na sheria inavyosema, juu wengine wanajifanya hawajui. Katiba ya nchi yetu ya mwaka wa 2006, sehemu ya 41, inakataza kumtesa mtoto na kumtupa, na inataja wazi kumshitaki kwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, sehemu ya 160, inaweka azabu juu ya anayemsingizia mtoto mambo hayo. Kwa hiyo mtu anayekula franga za watu kwa kuwafungia watoto na kuwanyima chakula, hata akishika Biblia mkononi, anavunja sheria.

Namna ya kuifunga

Tuseme kikundi chenu kimepata kamera. Kwanza, panga saa na tarehe vizuri. Wengi wanaruka hapo, kisha picha inasema mwaka ambao bado haujafika, na hakuna anayeiamini. Futa karti ukitumia kamera yenyewe.

Pile za bei ya chini sokoni zinakufa haraka, mara nyingine usiku mmoja au mbili, juu taa za usiku zinakula nguvu sana. Tafuta zile zilizoandikwa alkaline. Za kuchajiwa zinafaa pia, lakini kuko kamera zinazozikataa, jaribu kwanza nyumbani. Video ni nzuri kuangalia, lakini inamaliza pile. Anza na picha tatu tatu.

Urefu ni jambo ambalo wengi wanakosa. Watu wanaifunga kwenye kifua cha mtu, kisha wanapata picha za hewa. Panya anatembea chini! Kama unatafuta panya, iweke urefu wa mkono kutoka ardhi au chini yake. Kama ni kanu au paka, iweke kwenye goti. Umbali kutoka njia ya mnyama uwe hatua mbili mpaka nne. Karibu zaidi ya hapo picha haisomeki, na taa inamfanya mnyama kuwa mweupe kama shuka. Ikiwa hivyo, bandika kipande cha skochi ya karatasi juu ya nusu ya taa. Usiielekeze moja kwa moja kwenye ukuta mweupe ulio karibu, mwanga utarudi wote.

Upande gani? Si mashariki, si magharibi, maana jua la asubuhi na la jioni litaipiga machoni. Huku kwetu miezi mingi jua linapita upande wa kaskazini, basi kamera iangalie kusini. Kata majani marefu yaliyo mbele yake, kumbuka lile jani la ndizi. Na ujue kwamba mwezi wa sita na wa saba, usiku wetu ukiwa na baridi kali, kamera inaona joto la mnyama vizuri sana. Mwezi wa kumi saa sita za mchana, ardhi inapokuwa ya moto kama mwili wa mnyama, inasinzia.

Sisimizi wanapenda kujenga ndani yake. Fungua, pangusa, kausha, kila unapobadilisha pile.

Wale ambao kamera haiwaoni

Hapa nakuomba usome polepole, maana ni hapa mtu anaweza kutumia chombo kizuri vibaya. Kamera ikinyamaza, haisemi kwamba hakuna aliyepita. Inasema tu kwamba haikuona joto likihama mbele yake.

Nyoka hana damu ya moto. Anaweza kuingia, kumeza mayai au kifaranga kizima kizima bila damu wala manyoya, na kutoka mbele ya kamera nzima bila kuiamsha. Popo anapita haraka mno. Maembe yako yakiguguna usiku, tafuta chini ya mti vipande vya nyama ya tunda vilivyotafunwa na kutemwa, ndiyo sahihi yake. (Hao popo wakubwa wa matunda, kila mwaka kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, wanakusanyika kwa mamilioni katika hifadhi ya Kasanka kule Zambia, karibu na mpaka wetu. Njiani wanabeba mbegu na kupanda miti bila mshahara.) Na fuko anakaa chini ya ardhi. Mhogo unasimama, majani yanakauka, unauvuta unatoka bila mizizi, na watu wanasema shamba limerogwa. Chimba pale pembeni, utakuta njia yake.

Bundi naye tuseme neno. Yule mweupe wa uso wa mviringo anakaa darini juu kuko panya, na anakula panya usiku kucha. Asiyoweza kusaga tumboni, mifupa na manyoya, anayatema kama kitonge cheusi. Vijana, mkikuta vitonge hivyo chini ya nyumba ya zamani, vilowesheni katika maji, vifungueni kwa vijiti na hesabuni vichwa vya panya. Halafu waonyesheni wazazi wanaotaka kumpiga mawe.

Na yule panya wa mashavu, msimdharau. Wa jamii yake wanafundishwa Morogoro, Tanzania, na shirika la APOPO kunusa mabomu yaliyozikwa. Mmoja jina lake Magawa alipata medali ya zahabu mwaka wa 2020 kwa kazi aliyofanya kule Kambodia, na alikufa kwa uzee mwezi wa kwanza wa 2022. Lakini ghalani kwako ni mwizi, hilo nalo ni kweli. Funika mahindi.

Kama hamna franga za kamera

Nkambo zetu walikuwa na kamera yao. Chukua majivu ya mbabula, yachekeche, yatandaze laini mbele ya mlango wa kibanda, upana wa kilemba kilichofunguliwa. Asubuhi, kabla ya watoto na kuku kutoka, soma. Mguu wa mbwa unaonyesha kucha. Wa paka hauonyeshi, maana anazirudisha ndani. Nguchiro anaacha kucha ndefu za kuchimbia. Panya anaacha vidole vinne mbele na vitano nyuma, na mara nyingine mstari wa mkia. Nyoka anaacha mstari peke yake, na hapa majivu yanaishinda kamera. Mguu wa mtu nao unaonekana, na hapo utajua kwamba ni mwizi kweli, bila kumsingizia kijana wa lupango ya nyuma.

Maneno ya kujihazari

Kamera ielekee kwako tu. Usiielekeze kwa bafu ya jirani, wala kwa njia ambayo watu wanapita. Waambie majirani mbele ya kuifunga, na mjulishe mkubwa wa avenue. Ikipiga picha ya mtu, usiizungushe katika telefone za watu. Ukimwona mwizi, kuko polisi. Usiite kundi la vijana na matairi.

Tena, usiipeleke karibu na uzio wa kampuni ya migodi, wala penye walinzi na polisi ya migodi, hata kama umeona sungura wazuri pale. Chombo cha rangi ya askari, kimefungwa kwenye mti, kinachopiga picha usiku: utaeleza mpaka utachoka. Vijana wetu waliivalisha yao kitambaa cha kitenge, na inafanya kazi vilevile.

Mkiona mnyama katika picha, msikimbilie kutega mtego. Najua nyama iko ghali. Lakini panya na kindi wa pori wanaweza kubeba magonjwa, pamoja na mpox, ambayo mtu wa kwanza kujulikana kuiugua alikuwa mtoto wa Basankusu, katika nchi yetu hii, mwaka wa 1970. Mnyama uliyemkuta amekufa usimshike kwa mikono, na watoto wasimchezee.

Kanu je? Wengi wananiuliza kama afaa kuuawa. Mimi nasema ziba pengo kwanza. Anakula panya wengi kuliko kuku, na ukimwua yeye bila kuziba, atakuja mwingine kwenye pengo lile lile. Mwili wake unapita penye kichwa chake kinapita, kwa hiyo matundu ya wavu yasizidi upana wa vidole viwili, na chini uzikwe katika simaa.

Kikundi cha kwaya sasa wana daftari. Upande mmoja wanaandika tarehe, saa, na mnyama. Upande wa pili wanaandika jina lake kama wazee wanavyolitaja, kwa Kisanga, Kilunda, Kindembo, Kiluba, Kichokwe. Wamefika wanyama kumi na mmoja. Wa kumi na mbili hawajamwandika bado. Ni picha moja iliyopigwa karibu na bonde la maji nyuma ya kambi ya zamani ya Gécamines, inaonyesha mgongo mrefu na miguu mifupi, kichwa kimekwisha kutoka katika picha. Mzee mmoja anasema ni nguchiro wa majini. Mwingine anacheka, anasema nguchiro hana mkia wa namna ile. Kamera imerudishwa pale pale na pile mpya.